Mtoto anayesoma kwa kuimba

Kipimo changu cha kwanza darasani ni kiganja cha mkono. Mtoto wa Darasa la Pili akishasoma "Baba analima shamba letu" bila kukwama, nafunika sentensi yote, nambakizia neno moja tu: shamba. Wengi hukwama hapo. Wengine huanza upya kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, "baba... analima...", mpaka walifikie. Hao hawasomi, wanaimba. Wameishika sentensi kwa masikio, maana darasa huisoma kwa pamoja mwalimu akifuatisha kwa fimbo ubaoni, na katika sauti ya watoto 90 asiyejua hasikiki.

Inaniuma kwa sababu maandishi ya Kiswahili ni mepesi kuliko ya lugha nyingi. Irabu tano, na karibu kila herufi inabaki na sauti yake ileile. Mtoto aliyeshika silabi husoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Lakini mfundishe majina ya herufi badala ya sauti, halafu umwambie aunganishe "be-a-be-a", uone kama baba atatokea! Ugumu wa kweli huja baadaye, kwenye herufi mwambatano: mbw, nyw, na ile ng' ya ng'ombe ambayo wengi huisoma kama ng ya ngoma.

Basi nani anapewa Darasa la Kwanza? Shule husifiwa au kusutwa kwa matokeo ya Darasa la Saba, kwa hiyo mwalimu hodari hupandishwa juu, na chini huenda mgeni au yule anayesubiri kustaafu. Silaumu sana, nilipokuwa mwalimu wa taaluma nilipanga ratiba hivyohivyo. Mtaala wa Tanzania wa 2015 uliyaelekeza madarasa mawili ya mwanzo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na huo ulikuwa uamuzi mzuri. Mwaka uliofuata michango ya lazima ikafutwa, watoto wakamiminika, na aliyewapokea mlangoni akawa mwalimu yuleyule mmoja.

Watu hupenda kuniambia tatizo ni fedha na vitabu. Ni kweli nusu. Utafiti wa KiuFunza ulifanyika Tanzania mwaka 2013 na 2014 katika shule 350. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha tofauti ya maana katika kujifunza; zilizopata ruzuku pamoja na bakshishi kwa mwalimu kulingana na watoto waliofaulu ndizo zilizopanda vizuri. Magharibi mwa Kenya, vitabu vya kiada viligawiwa miaka ya 1990, vikawasaidia wale waliokuwa tayari mbele. Viliandikwa kwa Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma.

Lugha, basi. Nafanya kazi vijijini Usukumani. Mtoto husoma "ma-ji, maji" bila kosa, nami namwuliza ni kitu gani. Kimya. Nyumbani yanaitwa minzi. Sauti anazo, maana hana, na kitabu hakina namna ya kujua hilo. Mwalimu anayejua Kisukuma hutaja neno hilo mara moja tu, akaendelea na somo, na darasa zima likacheka kwa kuelewa. Aliyeletwa kutoka mkoa mwingine hubaki akirudia "maji" kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba mtoto haisikii.

Njaa, umbali wa shule na macho yasiyoona ubao navyo vipo, ila hivyo vinahitaji siku yake.

Ninachowaomba walimu ni kitu kidogo: watoto watano kila siku, mmoja mmoja, wasome peke yao mbele yako, maneno yakiwa yamevurugwa mpangilio. Juzi mwalimu mmoja alipiga hesabu pale pale. Darasa lake lina watoto 90, kwa hiyo wa mwisho atafikiwa siku ya 18. "Huyo siku zote hizo aendelee kuimba?" akaniuliza.

Nikamwambia aanzie dawati la nyuma.