Kufunga Play Store kwenye vishikwambi vya ofisi na shule bila kujifungia nje

Vishikwambi vya ofisi au vya shule vikifika, kinachofanyika mara nyingi ni hiki: vinatolewa kwenye boksi, vyote vinaingizwa akaunti moja ya Gmail, programu zinazohitajika zinapakuliwa, kisha vinagawiwa. Swali la kudhibiti Play Store huja wiki ya tatu, michezo ikishajaa na nafasi ikishakwisha. Hapo kazi iliyokuwa rahisi imeshageuka ngumu, kwa sababu Android huamua nani mwenye mamlaka juu ya kifaa katika dakika za mwanzo kabisa, kabla ya akaunti yoyote kuingizwa. Hatua hiyo ikishapita, unachobaki nacho ni viraka.

Nianze na viraka, maana ndivyo vilivyozoeleka.

Kuna PIN ya udhibiti wa wazazi ndani ya Play Store yenyewe. Unagusa picha ya akaunti juu kulia, unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya familia, unaweka PIN ya tarakimu nne na kuchagua kiwango cha umri. PIN hiyo haizuii kusakinisha. Inachuja kwa umri tu. Mchezo uliokadiriwa kuwafaa watu wote utapita, hata kama hauna uhusiano wowote na kazi iliyokusudiwa. Tena mpangilio huo unakaa kwenye kifaa: mtu akifungua orodha ya programu kwenye mipangilio ya Android na kufuta data za Play Store, anaweza kuufuta pamoja na PIN yake. Wanafunzi wanaijua njia hii kuliko walimu.

Kuna pia zile programu za kufuli zinazoomba nenosiri kabla ya Play Store kufunguka. Ukiwasha kishikwambi katika hali salama (safe mode), programu zote ulizoongeza mwenyewe zinalala, kufuli ikiwemo. Sitaongeza neno hapo.

Kiraka cha tatu kina nguvu zaidi, nacho ni kuizima Play Store kwa kompyuta. Washa chaguo za wasanidi kwa kugusa namba ya muundo mara 7, washa utatuzi wa USB, unganisha waya, kisha kwenye kompyuta andika amri hii ya adb, zana ya Google ya kutuma amri kwa kifaa cha Android:

adb shell pm disable-user --user 0 com.android.vending

Play Store inatoweka. Kuirudisha:

adb shell pm enable com.android.vending

Usisahau duka la pili. Kwenye Samsung kuna Galaxy Store, jina lake la kifurushi ni com.sec.android.app.samsungapps; kwenye Xiaomi kuna com.xiaomi.mipicks, kwenye Huawei kuna com.huawei.appmarket. Wengi wanaizima Play Store wakaliacha duka la mtengenezaji wazi, halafu wanashangaa TikTok imetoka wapi.

Gharama ya kiraka hiki huonekana baada ya miezi. Play Store ndiyo inayosasisha Chrome, WebView (sehemu inayoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine) na Huduma za Google Play. Ukiizima, hizo zote zinaganda kwenye toleo la siku ile. Kwanza unapoteza marekebisho ya usalama ya kivinjari. Baadaye programu za kazi zinaanza kulalamika kwamba Huduma za Google Play zimepitwa na wakati, na zingine zinagoma kufunguka. Ukiamua kwenda njia hii, weka ratiba: kila baada ya miezi miwili au mitatu unaiwasha, unasasisha kila kitu kwenye Wi-Fi, unaizima tena. Wakati huohuo zima utatuzi wa USB kwenye kila kifaa, la sivyo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuandika amri uliyoiandika wewe.

Hata hivyo duka si mlango pekee. Faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu, linaweza kuingia kwa WhatsApp, Telegram, Bluetooth, Xender au kadi ya kumbukumbu. Hadi Android 7 kulikuwa na swichi moja ya vyanzo visivyojulikana kwa kifaa kizima. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hiyo inatolewa kwa kila programu peke yake: Chrome inaweza kuwa nayo na WhatsApp isiwe nayo. Kwa hiyo kukagua kunamaanisha kufungua orodha nzima na kuipitia moja moja, hasa kivinjari, kidhibiti faili na programu za ujumbe. Samsung zenye One UI 6 (toleo la Android la Samsung) na kuendelea zina Auto Blocker kwenye sehemu ya usalama na faragha. Ikiwashwa, usakinishaji kutoka nje ya maduka rasmi unakataliwa moja kwa moja. Ni kinga nzuri, ila anayeshika kifaa anaweza kuizima.

Mlango mwingine unasahaulika kabisa: tovuti ya play.google.com. Aliyeingia humo kwa akaunti iliyo kwenye kishikwambi anaweza kubofya kusakinisha akiwa kwenye simu yake nyumbani, na programu ikashuka kwenye kishikwambi kilicho ofisini. Ukishatumia Gmail moja kwa vifaa 30 na nenosiri likajulikana na watu watatu, huo si udhibiti tena.

Sasa njia yenyewe. Android ina cheo kinachoitwa mmiliki wa kifaa. Ni programu moja tu inayopewa cheo hicho, na yenyewe ndiyo inayoweza kuzuia usakinishaji, kuficha programu, kuzuia kuongeza akaunti na kuzuia hali salama. Kwa kawaida programu hiyo hutoka kwenye mfumo wa usimamizi wa vifaa unaojulikana kama MDM. Ipo ya kulipia, na ipo ya chanzo huria kama Headwind MDM.

Kabla ya kununua vifaa vingi, jaribu kimoja. Vishikwambi vingine vya bei ya chini vimeondolewa sehemu hii ya Android kiwandani. Andika:

adb shell pm list features

Kwenye orodha itakayotoka tafuta android.software.device_admin na android.software.managed_users. Zikikosekana, hakuna MDM itakayokusaidia. Angalia pia kama kifaa kimeidhinishwa na Google: ndani ya Play Store, mipangilio, sehemu ya kuhusu, kuna mstari wa uidhinishaji wa Play Protect.

Kama kifaa kimeshatumika, ondoa kwanza akaunti ya Google kwa mkono, ndipo ukirudishe katika hali ya kiwandani kupitia mipangilio. Ukikifuta kwa vitufe bila kuondoa akaunti, kinga iliyokuja na Android 5.1 itadai akaunti ileile ya zamani, na mwenye nenosiri huenda alishaacha kazi. Kikishawaka upya, kwenye skrini ya kukaribisha gusa mahali pamoja mara 6. Kisoma QR kitafunguka. Kuanzia Android 9 kisoma hicho kimo ndani ya mfumo; kwenye 7 na 8 kifaa kitaomba Wi-Fi kwanza ili kukipakua. Elekeza kamera kwenye msimbo uliotengenezwa na MDM. Jina na nenosiri la Wi-Fi vinaweza kuwekwa ndani ya msimbo huohuo, jambo linalookoa muda mwingi ukiwa na vifaa 30, lakini basi usiubandike msimbo huo ukutani.

Kwa vifaa viwili au vitatu unaweza kutumia TestDPC, programu ya majaribio ya Google yenyewe. Isakinishe kwanza, kisha andika:

adb shell dpm set-device-owner com.afwsamples.testdpc/.DeviceAdminReceiver

Jibu likija kwamba tayari kuna akaunti kwenye kifaa, linamaanisha hivyohivyo. Toa akaunti zote, hata ya Samsung, au anza upya.

Cheo kikishapatikana kupitia MDM inayotumia Google Play ya kazini, Play Store huhitaji kuiua. Inabadilika kuwa duka lenye rafu zako tu. Kifaa kinapewa akaunti ya Google Play ya kazini inayotengenezwa na mfumo, haina barua pepe wala nenosiri la kuvuja. Kwenye sera unachagua orodha ya ruhusa badala ya orodha ya marufuku. Ya pili haina mwisho, kwani kila siku kuna mchezo mpya. Kila programu unaipa hadhi: ijisakinishe yenyewe na isiweze kusanidulika, iwepo dukani kwa anayeitaka, au izuiwe. Chrome, WebView na Huduma za Google Play zinaendelea kusasishwa kimyakimya. Ndiyo sababu nasema kufunga duka kwa amri ni suluhisho la dharura tu.

Hapa kuna mtego. Miongoni mwa vizuizi utakavyoviona kuna no_install_apps, na jina lake linavutia. Ukikiwasha, hata mmiliki wa kifaa hawezi kusakinisha, kwa hiyo programu unazozituma kutoka ofisini hazitafika, na utahangaika na mtandao usio na kosa. Unachohitaji kwa kawaida ni no_install_unknown_sources, no_modify_accounts, no_add_user, no_safe_boot na no_debugging_features (yaani kuzuia vyanzo visivyojulikana, kubadili akaunti, kuongeza mtumiaji, hali salama na utatuzi wa USB), juu ya orodha ya ruhusa. Kizuizi no_factory_reset kinaondoa kitufe cha kufuta kwenye mipangilio tu. Mtu akishika kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti anaweza bado kufuta kila kitu. Dawa yake ni kuweka kwenye sera akaunti ya msimamizi itakayodaiwa baada ya kufutwa hivyo, kwa Android 11 na kuendelea.

Masasisho yana tabia yake. Kwa kawaida programu inajisasisha pale tu kifaa kikiwa kwenye Wi-Fi, kinachaji, hakitumiki, na programu yenyewe haiko mbele. Kishikwambi kinachochajiwa usiku kwenye chumba kisicho na mtandao hakisasishwi kamwe. Kinyume chake pia ni tatizo: katikati ya utafiti wa nyumba kwa nyumba hutaki toleo la ODK Collect, programu ya kujazia fomu za utafiti, libadilike kwa nusu ya wadodosaji. Kwa programu hiyo peke yake chagua kuahirisha, ambapo sasisho husogezwa hadi siku 90, kisha rudisha kawaida kazi ikiisha.

Pasipo intaneti ya kutosha hesabu ndiyo inayoamua. Vifaa 30, programu 6 za wastani wa MB 80, ni zaidi ya GB 14 za bando. Ukipakua mara moja na kusambaza kwa USB, ni MB 480. Tumia kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya umeme, kwani kisicho nayo hukata vifaa katikati, na hakikisha waya zinapitisha data. Nyingi za mtaani ni za chaji tu.

Usichukue faili moja ukadhani ndiyo programu. Tangu Agosti 2021 programu mpya zinazoingia Play hushushwa kwa vipande. Ukiandika adb shell pm path ikifuatiwa na jina la kifurushi, utaona base.apk na wenzake: split_config.arm64_v8a.apk kwa ajili ya kichakataji, kingine cha ukubwa wa skrini, na cha lugha. Ukibeba base.apk peke yake, programu inakataa kuingia au inafunguka na kufa papo hapo. Na ukinakili kutoka kifaa kilichowekwa Kiingereza utapata split_config.en.apk bila split_config.sw.apk, walimu watakuuliza mbona Kiswahili hakipo ilhali kwenye simu zao kipo. Weka kifaa cha kunakilia kwenye lugha zote mbili kwanza, subiri Play ishushe kipande, kisha vivute vyote kwa adb pull na uvisakinishe pamoja kwa adb install-multiple.

Makosa yanayorudiarudia ni machache. INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS: kipande cha kichakataji si chake, vishikwambi vingi vya bei nafuu vina Android ya biti 32 hata kama kichakataji ni cha 64, angalia kwa adb shell getprop ro.product.cpu.abi. INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE: saini ya iliyopo na ya mpya hazilingani, mara nyingi moja ni ya Play na nyingine ya tovuti. Njia ni kusanidua ya zamani, lakini simama kwanza. Kama ni programu ya fomu, zote ambazo hazijatumwa zinafutika nayo. Tuma, hakiki kwenye seva, ndipo usanidue. INSTALL_FAILED_DEPRECATED_SDK_VERSION huonekana kuanzia Android 14: programu ni ya kizamani mno, tafuta toleo jipya. Na Play Store ikikwama kwenye kusubiri au ikikataa kuunganika, angalia tarehe kabla ya chochote. Betri ikiisha kabisa saa hurudi nyuma, na muunganisho salama hukataliwa.

Nyumbani MDM ni kumpigia mbu rungu. Mtengenezee mtoto akaunti ya Family Link, huduma ya Google ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto, na uchague kuidhinisha maudhui yote. Fahamu tu kwamba programu uliyoiidhinisha zamani akaifuta, anaweza kuirudisha bila kukuuliza, na masasisho hayaulizi.

Jambo la mwisho ni makabidhiano. Tanzania ilifanya Sensa ya 2022 kwa vishikwambi, kisha vikaenda kwa walimu, na miradi mingi midogo hufanya vivyo hivyo. Kifaa kinapohama, mamlaka yake lazima yaachiliwe kutoka kwenye mfumo wa MDM. Anayekipokea hawezi kumwondoa mmiliki wa kifaa kwa kusanidua programu. Ukiwa unapokea, omba utatuzi wa USB uwashwe mbele yako, andika adb shell dumpsys device_policy, na usisaini karatasi kama bado kuna jina la mmiliki wa kifaa.