Kapu la "Nyinginezo"

Kampuni ikiniita hapa Kampala niitazamie huduma yake kwa wateja, huwa naomba kitu kimoja hata kabla chai haijaletwa: nionyesheni kapu la "Nyinginezo".

Aliyewahi kufanya kazi kituo cha simu ameshanielewa. Mteja anapiga, mhudumu anasikiliza, na huku kompyuta inamsubiri achague aina ya lalamiko: bili, mtandao, bidhaa mbovu, mhudumu mkorofi. Lisiloingia popote linatupwa "Nyinginezo". Nilikalia kiti hicho miaka minne, na nakiri nililitumia kapu hilo vibaya. Simu ilitakiwa iishe haraka, foleni ilikuwa ndefu, na kubonyeza neno moja ni kwepesi kuliko kuandika kisa cha mtu. Mwisho wa mwezi msimamizi alijumlisha, meneja akachora duara la rangi, mkurugenzi akaletewa. Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha kijivu, yaani "Nyinginezo". Sikumbuki hata siku moja aliyeuliza mna nini humo.

Ndivyo lalamiko linavyofuliwa njiani. Mama aliyepiga akilia anageuka tiki, tiki inageuka asilimia, na asilimia ikifika ghorofa ya juu inasomeka "hali ni shwari kwa ujumla". Wala si kwamba wafanyakazi ni waongo. Nani anapenda kumpelekea bosi habari mbaya Jumatatu asubuhi?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kampuni inayouza taa za sola kwa mkopo. Mteja analipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, anatumiwa tokeni, yaani namba za kuifungulia taa, taa inawaka. Kwingine mambo yalikwenda. West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yakasuasua. Ripoti ilisema wateja wa kule ni wagumu wa kulipa, na ofisi ilikuwa mbioni kuchapa fomu za kwenda kuwanyang'anya vifaa. Nikaomba simu zilizorekodiwa, zile za kijivu, tuzisikilize pamoja na mkurugenzi. Ya tatu ilitoka upande wa Koboko, mama mtu mzima, na aliongea Kiswahili cha kwao, kile chenye harufu ya Kinubi.

Chumba kizima kikatazamana. Kiingereza walikuwa nacho, Kiganda wanacho, Kinyankole wanacho. Kiswahili hakuna. (Katiba yetu inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, ila maofisini kwetu wengi bado wanakiona lugha ya kambi za jeshi.) Mimi mtu wa Busia, mpakani na Kenya, nilimwelewa mama neno kwa neno, lakini nilinyamaza makusudi. Mkurugenzi akaagiza aitwe askari wa getini, mzee mstaafu wa jeshi.

Mzee alisimama, kofia mkononi, akaomba irudiwe mara ya pili. "Afande," alimwambia mkurugenzi, "huyu mama hakatai kulipa. Anasema, 'Mwanangu, mimi si mwizi, mimi nauza mukene,' wale dagaa. Pesa yake inaingia siku ya soko, mara moja kwa wiki. Siku nyingine hana, na hata akiwa nayo wakala wa kijijini hana floti, salio la kumwekea kwenye simu. Nyinyi mnamzimia taa siku ya pili tu, mnamwandika mdaiwa sugu. Anauliza kwa nini hamumhesabu kwa wiki."

Mama alikuwa amepiga mara tano. Mara zote tano, kapu la kijivu.

Fomu hazikuchapishwa. Wateja wa eneo lile wakawekewa ratiba ya wiki, na kilichobaki kilikuwa kazi ya fundi wa mfumo, si ya kunihitaji mimi.

Viongozi huniambia, "Wateja wetu hawalalamiki sana." Hilo linanitia hofu kuliko kelele. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili kubwa: apaze sauti, au aondoke. Kwetu ipo ya tatu, na simu ya laini mbili ndiyo iliyoileta. Mteja hakuagi. Laini yako imo ndani ya simu, unamhesabu kuwa wako, lakini pesa zake na maongezi yake yote vimehamia laini ya pili. Siku utakayogundua, keshasahau alichokuchukia. Anayepiga simu na kufoka, huyo bado anakuhitaji. Mpe kiti.

Kuna pia wanaochanganya kusikiliza na kuuliza. Coca-Cola waliuliza sana: walionjesha karibu watu 200,000 ladha mpya, wengi wakaipenda, na tarehe 23 Aprili 1985 wakaitoa sokoni huku wakiiondoa ile ya zamani. Baada ya siku 79 tu, Julai 11, walitangaza kuirudisha. Swali lilikuwa ipi tamu zaidi, na watu walilijibu kwa haki. Hawakuulizwa wangejisikiaje kunyang'anywa soda waliyokua nayo. Mteja hujibu ulichomuuliza. Kinachomuuma hukisema mwenyewe, kwa wakati wake, mara nyingi kwa lugha usiyoitarajia.

Sisemi kila anachotaka mteja kifanywe. Ukiwauliza watu mia, wengi watakwambia punguza bei, na ukipunguza kila mara utafunga duka. Yule mama naye angependa taa ya bure, nani asingependa? Cha kuchukua kwake hakikuwa ombi la bei bali ile siku ya soko, ambayo hakuna mtu Kampala aliyekuwa ameiwaza.

Kwa hiyo siku hizi sipendekezi sanduku la maoni (mengi niliyoyaona kufuli limeota kutu na ufunguo hajulikani anao nani). Napendekeza saa moja kwa wiki, mkurugenzi mwenyewe, simu tano zilizochotwa ovyo kutoka kwenye kijivu, bila muhtasari wa mtu. Halafu mmoja kati ya hao watano apigiwe na kuambiwa kilichofanyika, hata kama jibu ni hapana. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa kuliko yote, na si kila mteja aliyepuuzwa atapiga mara tano kama yule mama.

Yule mkurugenzi wa sola alikubali, akachagua Jumatatu saa tatu. Akamwomba mzee wa getini awe anapanda juu kila wiki kutafsiri. Mzee akavaa kofia yake, akauliza kama saa hiyo italipwa. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo pia.