Viazi vitamu vya kuponda: sukari ya nini?

Ramadhani ikikaribia, viazi vitamu hupangwa mafungu mafungu pale Darajani, na karibu kila nyumba Unguja inajua la kuvifanya: kukatwa vipande na kupikwa kwa nazi. Vya kuponda, vikae kando ya changu wa kuchoma au pweza, watu huviona ni chakula cha hoteli. Nadhani wengi walijaribu siku moja, wakapata uji wenye sukari, wakaapa hawarudii. Kosa halikuwa la kiazi.

"Kiazi kitamu ni mbatata yenye sukari." Si kweli, hata udugu wa karibu hawana. Mbatata iko ukoo mmoja na tungule na biringani. Kiazi kitamu ni wa ukoo mwingine kabisa, na majani yake ndiyo matembele tunayokula. Kinachowaunganisha ni safari tu, maana wote asili yao ni Amerika. Kwa hiyo mtindo wa kumenya, kuchemsha kwa maji tele na kutia maziwa usihamishwe kutoka huku kwenda kule.

Na hayo maji tele ndiyo mwanzo wa balaa. Kiazi kilichomenywa na kukatwakatwa hulowa maji, na ukiponda unapata rojo. Kichemshe na ganda lake, maji yakifunike tu, uanze na maji baridi na moto wa wastani. Usione ni uvivu wa jiko. Ndani ya kiazi mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nacho hufanya kazi vizuri kiazi kikipata moto taratibu, kwenye nyuzi 60 hadi 75 hivi. Ukikikurupusha kwa moto mkali, kimeng'enya kinakufa kabla hakijamaliza kazi, kisha wewe unakimbilia kopo la sukari kufidia utamu ulioupoteza mwenyewe! Kikiiva, menya, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili kikauke, ponda kingali moto. Mwiko unatosha.

"Vile vya rangi ya karoti vimetiwa dawa." Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilipewa watu wanne, na watatu kati yao, akiwemo Mganda Robert Mwanga, waliipata kwa kazi yao juu ya viazi hivi. Mwili huipokea beta-karotini vizuri zaidi penye mafuta, na tui la nazi linayo ya kutosha. Ila kwa kuponda, vya rangi huwa na maji zaidi kuliko vyeupe vya unga. Mimi huchanganya: vyeupe viwili, cha rangi kimoja.

Sasa viungo, na hapa Wapemba mtanisamehe. Kuwa watu wa karafuu si sababu ya kumwaga karafuu. Mafuta yake hutia ganzi, ndiyo maana mwenye jino bovu huiuma, na chakula kilichozidi karafuu huufanyia ulimi vilevile. Kwa kilo moja ya viazi, karafuu mbili nzima, iliki nne zilizopondwa na kijiti cha mdalasini vinatosha. Kungumanga iparuze kidogo tu mwishoni, ikizidi hulevya. Tia chumvi bila kuogopa, na pilipili manga kama chakula kinakwenda na samaki.

Wengine huvichanganya viungo vya unga na kiazi kikavu, kisha hulalamika havinukii. Harufu yake hukolea kwenye mafuta na moto. Vichemshe ndani ya tui la pili mpaka lipungue nusu, lichuje, limimine kwenye kiazi. Tui zito lisubiri mwisho, kikombe kimoja, kwa moto mdogo huku unakoroga. Wanaosema lazima litokote ndiyo liive wanalikatisha bure, mafuta yakaelea juu kama mchuzi wa jana. Ukionja ukaona kuna kilichopungua, kamulia ndimu kwanza. Mara nyingi si sukari inayotakiwa.

Na viazi vibichi visikae kwenye friji. Baridi huvitia moyo mgumu, usiolainika hata ukichemsha mpaka maghribi.