Kwato za farasi wa porini zina somo kwa mwenye farasi na mwenye punda

Pundamilia wa Serengeti hana fundi wa kwato. Anazaliwa, anatembea na msafara wa nyumbu mwaka mzima, anapita kwenye mawe na vumbi na tope, anazeeka, na hakuna hata siku moja mtu kamshika mguu akampunguza kwato. Ila punda wa hapa kijijini, ambaye ni ndugu yake wa karibu kabisa, unakuta kwato za mbele zimerefuka mpaka ncha zinaangalia juu, anakanyagia visigino, na mwenyewe anakwambia huyu punda mvivu siku hizi. Jamani huyo sio mvivu, anaumwa miguu.

Sisi wa mifugo swali la wafugaji kuhusu hili tunalijua na ni swali zuri tu: kama wa porini hawakatwi na wako fiti, kwanini mimi nimkate wangu? Wengine wanaenda mbele zaidi, hasa wenye farasi wa kupanda, wanasema nang'oa viatu vya chuma leo hii aishi kiasili. Twende taratibu hapa maana kuna ukweli mkubwa ndani yake na kuna sehemu mtu anaweza kumuumiza mnyama kwa nia njema.

Kitu cha kwanza ujue hao tunaowaita farasi wa porini karibu wote ni wajukuu wa farasi wa nyumbani. Mastangi wa Marekani, wale wa Nevada na majimbo ya jirani ambao toka 1971 wana sheria yao ya kuwalinda, asili yao ni farasi walioletwa na Wahispania kuanzia miaka ya 1500 na wengine waliotoroka baadae. Brambi wa Australia hivo hivo. Hata hapa Afrika tunao, kule Garub karibu na mji wa Aus nchini Namibia, wanaaminika walitokana na farasi wa majeshi ya Wajerumani na ya Afrika Kusini waliobaki jangwani enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia pamoja na farasi wa shamba moja la kuzalishia huko. Kwahiyo damu ni ileile ya farasi wa bandani. Kilichobadilika ni maisha, na hapo ndo penye somo lote.

Maisha gani? Kutembea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland waliwavisha brambi kola za GPS wakakuta kwa wastani wanatembea karibu kilomita 16 kwa siku, na kuna waliokutwa kilomita 55 toka kwenye maji, yaani mnyama anaenda malishoni mbali huko halafu anarudi kunywa. Farasi wa kufugwa waliopimwa kwenye uwanja wa hekta 16, ambao kwetu sisi ni uwanja mkubwa kweli, walitembea kilomita 7 na kidogo. Sasa wa kwako anayelala bandani masaa ishirini anatembea ngapi?

Kwato inaota kila siku, milimita 6 mpaka 10 hivi kwa mwezi kwa farasi mzima, na kwa mbele toka kwenye nywele mpaka ardhini inachukua miezi 9 hadi 12 kujibadilisha yote. Porini inaota na ardhini inalika, kinachoongezeka juu kinaondoka chini. Ukiiangalia kwato ya mastangi wa nchi kavu unaona ni fupi, ncha ya mbele haijatokeza, na ule ukingo wa chini umeviringika, haujakaa mkali kama umekatwa na msumeno. Igeuze juu utaona unyayo mnene wenye kibonde, na ile pembetatu laini ya katikati imejaa, pana, ngumu kama mpira wa tairi, inagusa ardhi pamoja na visigino. Pale hapakuwa hivyo kwa bahati tu. Mnyama mzima akitembea anatanguliza kisigino, sehemu ya nyuma ya kwato inatanuka kidogo, ndani kuna mto wa nyama na gegedu unapokea mshindo na damu inasukumwa kwenye mishipa midogo midogo inayozunguka mfupa. Profesa Robert Bowker wa Michigan State University ameichunguza sana hiyo sehemu ya nyuma, na jambo la kushika ni kwamba huo mto unajengeka kwa kutumika, mtoto wa farasi hazaliwi nao ukiwa umekomaa. Ukimfungia toka mdogo kwenye sakafu laini, unamnyima miguu ya uzeeni.

Halafu sasa ule upande ambao wapenzi wa mambo ya asili hawapendi kuusikia. Brian Hampson na Chris Pollitt wa hukohuko Queensland walichunguza miguu ya brambi 100 toka maeneo tofauti. Wa ardhi laini walikuwa na kuta ndefu, zimepanuka pembeni, zimemeguka. Wa jangwa gumu kwato zao nje nzuri kabisa fupi fupi, lakini ndani wengi wakakutwa na dalili za laminaitisi, yaani ule mshikamano wa ukuta wa kwato na mfupa umeathirika. Kwahiyo neno porini peke yake halitibu kitu, kwato inafanana na ardhi inayoikanyaga na kazi inayoifanya. Mtu anayechukua picha ya kwato ya mastangi akaenda kumchonga farasi wake wa kwenye tope afanane nayo anakosea, atampunguza unyayo mpaka apate maumivu, maana kwato ile ilijengwa kwa kilomita, kisu hakikuijenga.

Chakula nacho watu wanakisahau kabisa. Farasi na punda wameumbwa kula majani makavu yenye nyuzi nyuzi, kidogo kidogo siku nzima. Ukimmwagia pumba za mahindi, molasesi, mikate iliyobaki, au ukamwachia kwenye nyasi changa zilizochipua baada ya masika na tayari ni mnene, sukari inapanda, insulini inapanda, na laminaitisi inaingia. Dalili ziko wazi ukizijua: anahamisha uzito mguu huu mguu huu, anaegemea nyuma kama anakwepa kusimamia miguu ya mbele, kwato ya moto, na ukiweka vidole nyuma ya kifundo unasikia mapigo yanadunda kwa nguvu. Hapo usimtembeze eti ajinyooshe, zile kilomita nilizozisifia juu ni za mnyama mzima. Mweke kwenye mchanga laini, acha pumba zote, mpe majani makavu na maji, na uite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa punda kuna la ziada. Baba zao ni punda mwitu wa Afrika, wale wa majangwa ya Ethiopia na Eritrea ambao sasa wako hatarini kabisa kutoweka, na kwato zao zimetengenezwa kwa nchi kame yenye mawe. Ndo maana kwato ya punda imesimama wima zaidi ya ya farasi, ni nyembamba, visigino viko juu, na inanyonya maji haraka. Fundi aliyezoea farasi akimlaza punda kwato iwe na mteremko wa farasi anamharibia kabisa. Na punda wa sehemu zenye matope, au anayefungwa usiku kucha juu ya mkojo na samadi, kwato inalainika, uchafu unaingia kwenye mstari mweupe unaotenganisha ukuta na unyayo, inaoza kutokea ndani. Mnyanyue mguu uone mwenyewe. Chokoa tope kuanzia kisigino kwenda mbele, pembeni ya ile pembetatu kuna mifereji miwili, pitisha kijiti taratibu: kikitoka na uji mweusi unaonuka vibaya, hapo pana kuoza, pasafishe, pakauke, mhamishe pakavu. Mara nyingi utakuta kijiwe kimejibana pale na wiki nzima punda kabeba maji ya nyumba nzima akiwa nacho.

Kupunguza kila wiki 6 mpaka 8 kunatosha kwa wengi, na zana ni koleo la kwato na tupa, sio panga. Panga juu ya jiwe, kata kipande twende kazini, tunaliona kila mkoa wenye punda na linapasua ukuta hadi kwenye nyama. Afadhali kidogo kidogo kwa tupa kila mara kuliko kukata sana mara moja kwa mwaka, na kama kwato zimeshajikunja usizirudishe siku moja, zirudishe kwa awamu maana na kano za mguu zimeshazoea ule mkao. Ukingo wa chini uzungushe kwa tupa kama ule wa mastangi, hiyo inasaidia usimeguke. Unyayo usiuguse kama huna sababu, unene wake ndo ngao.

Wenye farasi wenye viatu, mimi sio adui wa chuma, kuna kazi na kuna magonjwa yanayohitaji. Ila kama unataka kuvitoa panga iwe mwaka, sio wikiendi. Vitoe kipindi hana kazi nyingi, anzia ardhi laini, ongeza mawe polepole, mvalishe buti za kwato akitoka safari, na ukiona anachagua pa kukanyaga ujue bado.

Kuhusu ardhi, Mgiriki Xenophon, karne ya nne kabla ya Kristo, kabla hata viatu vya misumari havijaenea, alishauri nje ya banda pamwagwe mawe ya mviringo yenye uzito wa kama nusu kilo yazungushiwe kizuizi yasitawanyike, farasi asimame hapo wakati anasuguliwa, kwato zikaze. Hiyo unaweza kuifanya leo bila gharama kubwa. Chukua kokoto za mtoni zilizolainika, sio zile za kupasuliwa zenye ncha, zitandaze pale anapokunywa maji ili lazima apite, inua eneo kidogo maji yatiririke, zungushia magogo. Halafu majani yaweke upande wa mbali kabisa na maji, sio pamoja kwenye kona moja, atembee mwenyewe kwenda na kurudi usiku kucha bila wewe kuamka.