Fomu zetu haziuzwi, na sanduku la akiba la kikundi lifunguliwe kabla ya mvua: kwa kaya na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vya Mbeya

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni afisa uwezeshaji wa kaya kwenye shirika letu hapa Mbeya, naandika kwa sababu msimu huu malalamiko yamezidi, mengine yanafika ofisini, mengine yanaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, mengi zaidi yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na sisi tunaolalamikiwa ndio tunakuwa wa mwisho kusikia. Kubwa kuliko yote ni hili la watu wanaopita Ilemi, Iyunga, Uyole mpaka Mbalizi wakisema wametumwa na shirika kuandikisha kaya zenye kipato cha chini, kila kaya inalipia fomu, wengine wanaambiwa hela ya fomu na hela ya "kufuatilia jina" juu yake.

Hakuna hiyo kitu. Fomu yetu haiuzwi, haijawahi kuuzwa. Inajazwa nyumbani kwako, mchana, afisa wetu akiwa na balozi au mwenyekiti wa mtaa, na kabla hatujafika kwako jina lako linakuwa limeshasomwa kwenye mkutano wa mtaa, majirani wamekubali kwamba kweli hali yako ni hiyo. Mtu akija peke yake jioni na daftari, akaanza na hela, mpeleke kwa mwenyekiti. Usimtumie kwa simu hata kama amekuonyesha fulana yenye nembo, fulana mtu yeyote anachapisha pale Mwanjelwa.

Shirika lolote lisilo la kiserikali linatakiwa lisajiliwe chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na cheti kinatakiwa kionekane. Chetu kipo ukutani ofisini, njoo ukisome. Kama huamini cha ukutani nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako muulize hawa watu unawajua? Akisema hawajui, usikubali hata kitambulisho chako kipigwe picha. Kumuuliza ni bure na ni haki yako, sielewi kwa nini watu wanaona aibu kumuuliza afisa wa halmashauri lakini hawaoni aibu kumpa hela mtu wasiyemjua jina.

Halafu kuna hili la "hela za wafadhili mnazificha". Jamani. Shirika lisilo la faida maana yake hakuna mtu wa kugawana kilichobaki, sio sisi wafanyakazi, sio bodi, na hela inayokuja inakuja na kazi yake imeandikwa, hii ya mafunzo, hii ya mifugo, hii ya usafiri wa afisa, na kila mwaka tunapeleka taarifa kwa msajili pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Siwezi kuchukua hela ya mafunzo nikakulipia kodi ya nyumba hata kama roho inaniuma, na huwa inaniuma kweli. Na sisi sio TASAF. TASAF ni mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina utaratibu wake na siku zake za malipo, ukikosa malipo yako nenda kwa mtendaji wako, ofisi yetu haina orodha hiyo wala hatuwezi kuifungua.

Tunachofanya sisi ni kukaa na kaya mpaka isimame yenyewe halafu tunaondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo tunapogombana na watu. Kuna mama mmoja wa upande wa Igurusi alikuja ofisini amekasirika sana kwamba jina lake limetolewa, amesema tumemtupa. Nikamwambia mama karibu ukae, tukachukua daftari lake tukahesabu pamoja: ana nguruwe jike na vitoto, ananunua hisa za akiba kikundini kila wiki hajawahi kukosa, anauza mchele kwa kilo pale barabarani, mtoto wa sekondari hajarudishwa nyumbani mwaka mzima, na mwezi wa pili, ule mwezi ambao kaya nyingi huku zinakula mlo mmoja, kwake kulikuwa na gunia la mahindi ndani. Akanyamaza kidogo, akasema kumbe. Jina lake halikutolewa kwa kufukuzwa. Nafasi yake ameingia jirani yake ambaye hana hata kuku.

Kwenye nguruwe ndiyo kuna maneno mengi kweli. Utaratibu ni kopa nguruwe lipa nguruwe. Kaya inapewa jike moja, akizaa uzao wa kwanza kaya inarudisha vitoto viwili vya kike vilivyoachishwa kunyonya, vinakwenda kwa kaya nyingine iliyo kwenye orodha ya kikundi hicho hicho. Haturudishiwi sisi, wala hatuuzi. Watu wanalalamika kwamba tunawaambia wajenge banda kwanza, "mtu maskini atatoa wapi mbao?" Banda letu halihitaji mbao za kununua, mabanzi yanatosha, miti inatosha, nyasi juu zinatosha, tunachotaka ni sakafu iwe imeinuliwa na nguruwe asitoke nje. Hilo la kutotoka nje halina mjadala. Homa ya nguruwe haina chanjo inayotumika huku na haina dawa, ikiingia inamaliza nguruwe wa mtaa mzima ndani ya siku chache, na mkoa huu wa Mbeya umeshaionja. Inabebwa na nguruwe anayezurura, inabebwa na nyama ya mzoga, inabebwa na mabaki ya chakula cha hotelini yenye nyama ambayo hayajachemshwa, inabebwa mpaka na viatu vya mnunuzi aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa. Kwa hiyo mnunuzi asimame nje ya uzio, mabaki yachemshwe, na nguruwe akifa ghafla usimchinje ukauza nyama kwa bei ya chini "ili usipate hasara", mpigie afisa mifugo wa kata. Na ukitaka kumhamisha nguruwe kwenda wilaya nyingine unahitaji kibali cha afisa mifugo, hata kama unampeleka kwa shemeji yako Tukuyu, hata kama ni mmoja, hata kama ni kwenye bodaboda.

Mimba ya nguruwe ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kwa hiyo anayesema mwaka umepita jike hajazaa tunakuja kuangalia, na mara nyingi tunakuta moja kati ya mawili, hajapelekwa kwa dume au ameshauzwa. Aliyeuza anatakiwa arudishe jike wa umri ule ule. Akishindwa kikundi kinalipa, kwa sababu kikundi ndicho kilimdhamini na sahihi za viongozi watatu zipo kwenye mkataba. Tunajua kuna dharura, mtoto akilazwa mtu anauza chochote kilicho karibu, lakini ndiyo maana kuna mfuko wa jamii kwenye kikundi, ile hela ya dharura, mwambie mweka hazina kabla hujamwita mnunuzi.

Sasa tuje kwenye sanduku, maana ndiko uhai wa hivi vikundi uliko. Vikundi vingi huku vimezoea kuvunja sanduku, yaani kugawana akiba ya mwaka, mwezi wa 12, wiki ya Krismasi. Naelewa, watu wanataka nguo za watoto, nyama na soda. Lakini huku kwetu mvua inaanza mwezi wa 11, mahindi yanatakiwa yawe ardhini mapema na mbolea ya kupandia inatakiwa iwe nyumbani kabla, kwa hiyo hela inatoka wakati shamba lilishapandwa bila mbolea, mwezi wa kwanza karo na madaftari vinamaliza kilichobaki, mwezi wa pili njaa imefika. Hapo ndipo anatokea mtu anakupa elfu hamsini unalipa gunia la mahindi mwezi wa saba, na gunia lenyewe anataka lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Nimeona shamba zuri kabisa la ekari mbili Mbarali ambalo mwenye nalo alikuwa hadai humo hata debe moja, lote lilishaliwa kabla halijakomaa.

Tunachoomba, na kwa vikundi vipya tunakiweka kwenye katiba tangu mwanzo, ni mgawanyo ufanyike mwisho wa mwezi wa 10. Hela ikitoka hapo inakutana na mbolea ya ruzuku, ambayo utaipata kama umejiandikisha kwenye daftari la wakulima na una namba yako. Krismasi itafika tu, kuna anayeuza viazi, kuna anayeuza kuku, haijawahi kukosa kuliwa.

Siku ya mgawanyo ndiyo ugomvi unazuka, kwa hiyo nieleze taratibu. Wenye funguo wote watatu wawepo, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Hela inahesabiwa mezani mbele ya wote na watu wawili tofauti, mmoja baada ya mwingine. Mikopo yote iwe imerudi. Anayedaiwa deni lake linakatwa kwenye hisa zake, hatusemi "atalipa baadae", baadae hakuna kikundi cha kumdai. Mfuko wa jamii unawekwa pembeni, hauchanganywi. Halafu ndiyo mnapiga hesabu. Tuchukulie hisa moja ni shilingi 2,000, kikundi kwa mwaka kimenunua hisa 3,000, hiyo ni milioni 6. Mezani zimehesabiwa milioni 7 na laki 2 kwa sababu ya riba za mikopo na faini. Gawa kwa 3,000, kila hisa sasa ni 2,400. Mwenye hisa 150 aliweka laki 3, anaondoka na laki 3 na elfu 60. Mwenye hisa 40 aliweka elfu 80, anaondoka na elfu 96. Basi. Mtu anayesema "tulianza wote mbona mwenzangu kapata nyingi" afungue kitabu chake ahesabu mihuri, ile mihuri ndiyo hela yake, wiki aliyochora mstari badala ya muhuri haina kitu.

Faini pia watu wanalalamika. Kila kikundi kinajipangia, sisi hatupangi. Wengi wana shilingi 500 kuchelewa, 1,000 kutokuja bila taarifa, 500 simu kuita kikaoni, na kusahau kitabu nyumbani nayo ina faini yake. Ni ndogo, lakini mkiziandikia katiba zitozeni kwa wote, mwenyekiti nae akichelewa alipe. Kikundi kinachomsamehe mwenyekiti hakimalizi mwaka.

Usajili. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kikundi cha kuweka na kukopa sio jambo la chumbani tena, kipo daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha na kinatakiwa kisajiliwe, Benki Kuu imekasimu kazi hiyo kwa halmashauri. Wanachama wasipungue 10 wasizidi 50. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kusajili wenye sahihi za waliohudhuria, orodha ya wanachama na namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA), majina na picha za viongozi, na barua ya mtendaji wa kata au kijiji. Jina la kikundi kwenye katiba liwe lile lile kwenye muhtasari na kwenye barua. Narudia, lile lile, maana tunarudishiwa mafaili kila wiki kwa sababu katiba inasema "Upendo" na muhtasari unasema "Upendo Group A". Namba ya NIDA ikikosewa tarakimu moja mfumo unakataa na mnaanza foleni upya. Kuendesha kikundi bila usajili ni kosa kisheria lenye adhabu, na hata kabla ya adhabu hasara mnaipata wenyewe, mweka hazina akikimbia na hela mnakwenda polisi bila karatasi hata moja.

Na bila cheti hamgusi mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ule wa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi 2024, hauna riba, lakini ni mkopo. Unarudishwa. Naliandika hivi kwa sababu kuna vikundi vinakuja kwetu kuuliza kama kweli lazima kulipa.

Hawa wakopeshaji wa mtaani, kausha damu, nasema machache tu. Mkopeshaji wa daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea akiba za watu, lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukikopa laki moja kwa mwezi mmoja riba ni 3,500. Anayekutaka elfu 30 kwa mwezi, akabeba kadi yako ya benki na kitanda cha mtoto, huyo omba kwanza kuiona leseni kabla hujasaini, na kama ulishasaini njoo na huo mkataba tuusome pamoja kabla hawajaja kubeba vitu. Hatulipi deni lako, hatuna fungu hilo, ila tutaongozana na wewe mpaka kwa afisa wa halmashauri anayehusika.

Maafisa wetu wanaanza kuzungukia vikundi vyote kukagua vitabu kabla ya mgawanyo. Mje na sanduku, funguo zote tatu, leja, vitabu vya wanachama wote sio vya viongozi tu, na mikataba ya mifugo. Ukurasa wa mikopo uwe umejazwa kwa kalamu ya wino, jina, kiasi, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha na sahihi ya mkopaji. Kikundi ambacho ukurasa huo uko wazi au umejazwa kwa penseli afisa hatasaini, mtapangiwa siku nyingine, na mgawanyo utasubiri mpaka hapo.