Kabla ya kurekebisha swingi, soma alama ya ardhini

Karibu kila wiki hupokea video kutoka kwa mchezaji wa gofu wa ridhaa anayetaka nimwambie swingi yake, yaani mzunguko wa fimbo anapoupiga mpira, ina kasoro gani. Amejirekodi kwa ubavu, amepunguza kasi ya picha, na mara nyingi ameshaichorea mistari: kiwiko kimetoka nje, goti limenyooka mapema, fimbo imepita kiasi kule juu. Nami huuliza maswali yaleyale. Mpira ulianza kuelekea wapi? Ulipinda upande gani? Fimbo ilikata nyasi wapi? Wengi hawakumbuki, kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye mwili wao.

Nimefundisha gofu kwa miaka mingi, na jambo hili linaniuma, maana naona watu wenye bidii wakipoteza misimu mizima wakisaka umbo zuri huku jibu limelala miguuni pao. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban sekunde 0.0005 tu. Ndani ya muda huo kila kitu kinaamuliwa: uso wa fimbo (ule ubapa unaougonga mpira) unatazama wapi, kichwa cha fimbo kinasafiri kwenda wapi na kwa kasi gani, na kimeukuta mpira katikati ya uso au pembeni. Mkao wa mwili una maana pale tu unapobadilisha mojawapo ya hayo.

Tuanze na slaisi, yaani mpira unaopinda sana kwenda kulia, kwa sababu ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. (Nasema na mchezaji wa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze pande.) Kwa miaka mingi walimu tulifundisha kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea kule uso unakotazama. Mitambo ya rada ilipoanza kupima, ikaonekana tulikosea. Mwelekeo wa kuanzia hutawaliwa zaidi na uso wa fimbo. Kupinda hutokana na tofauti kati ya uso na njia: uso ukitazama kulia kwa njia, mpira hupinda kulia, na tofauti ikikua, mpira hupinda zaidi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amezoea kuelekeza miguu yake mbali kushoto ili mpira ukipinda urudi katikati ya feawei, ule ukanda wa nyasi fupi unaoelekea kwenye shimo. Ni wazo linaloeleweka kabisa, lakini lilikuwa linamlisha ugonjwa. Kadiri alivyogeuka kushoto, ndivyo fimbo ilivyozidi kukata mpira kutoka nje kuja ndani. Njia ikaenda kushoto zaidi, uso ukabaki nyuma, tofauti ikakua, slaisi ikazidi. Sikugusa miguu yake wala mabega. Nilimwomba anionyeshe mshiko.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika fimbo kwa kiganja, umezungukia upande wa kushoto wa mpini, hivi kwamba akitazama chini aliona kifundo kimoja tu cha vidole. Tukaulaza mpini upya: uanzie kwenye shina la kidole cha mwisho, upite mshazari juu ya vidole hadi kwenye kiungo cha kati cha kidole cha shahada. Kisha akafunga mkono, kidole gumba kikakaa kidogo upande wa kulia wa mpini. Sasa alipotazama chini aliona vifundo viwili na kitu. Mkono wa kulia ukaja juu yake, na ule mkunjo kati ya gumba na shahada ukaelekea bega la kulia. Akasema anahisi kama ameshika kitu cha mtu mwingine. Ndivyo mshiko mpya unavyokuwa kwa kila mtu, na hisia hiyo hukaa wiki kadhaa. Usirudi nyuma kwa sababu yake.

Kisha nikampa aironi namba 7, fimbo ya chuma ya mapigo ya kati, na sharti moja: piga nusu ya swingi, na kila mpira lazima upinde kushoto. Nilitaka mikono yake ijue kukosea upande wa pili. Mipira ya kwanza ilikwenda kulia kama kawaida. Baada ya kumi na kitu, mmoja ukaanza kulia kidogo, ukarudi kushoto polepole kama unavutwa na uzi. Akanyamaza, akautazama mpaka ulipotua. Kuanzia hapo tulikuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Lakini kabla hujalaumu mshiko, hakikisha umeupiga mpira kwa katikati ya uso. Chukua kalamu ya ubao mweupe, weka doa nyuma ya mpira, upange doa litazame uso wa fimbo, kisha piga. Litaacha alama. Kwa draiva hasa, fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, mpira uliogongwa upande wa kisigino (karibu na mpini) hupinda kulia hata swingi ikiwa nzuri, na wa upande wa ncha (mbali na mpini) hupinda kushoto. Nimewaona watu wakibadilisha mshiko mara tatu kumbe walikuwa wamesimama karibu mno na mpira.

Sasa ardhi. Hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Chora mstari mwembamba wa chaki ya unga nyasini, uanzie mbele ya miguu yako ukienda mbali nawe, ukikatiza mwelekeo wa lengo. Simama mstari uwe katikati ya miguu. Usiweke mpira. Piga swingi ya nusu kwa aironi, kisha inama uangalie nyasi zilipokatwa. Alama inatakiwa ianzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa lengo. Mchezaji wa kulipwa akipiga aironi, sehemu ya chini kabisa ya swingi yake huwa takriban sentimita 10 mbele ya mpira; anaugusa mpira kwanza, ardhi baadaye. Mchezaji wa ridhaa, mara nyingi, mkato wake umeanza nyuma ya mstari, au haupo kabisa kwa sababu fimbo ilishaanza kupanda.

Chanzo kikubwa ni nia ya kuuinua mpira. Mtu anabaki na uzito kwenye mguu wa kulia, anakunja viganja vya mikono, anajaribu kuuchota. Kazi hiyo fimbo imeshapewa: uso wa aironi namba 7 umelala kwa digrii 30 hivi, na huo mwinamo ndio unaopandisha mpira. Wewe piga kwenda chini na mbele. Nikitaka mwanafunzi alihisi hilo, humsimamisha tangu mwanzo na zaidi ya nusu ya uzito kwenye mguu wa kushoto, na humwomba aache uzito hukohuko mpaka mwisho, kifua kikiwa juu ya mpira. Swingi fupi, bila nguvu. Mkato husogea mbele ndani ya dakika chache, na sauti ya mpira hubadilika. Ukiisikia mara moja utaijua siku zote. Kwa draiva kanuni ni tofauti: mpira uko juu ya tii (kijiti kifupi cha kuuinulia mpira), karibu na kisigino cha mguu wa kushoto, na fimbo inaukuta ikiwa inapanda.

Na tafadhali, ukigonga mpira kwa juu ukabiringika, usikubali mwenzako akuambie “umeinua kichwa.” Kwa kawaida sehemu ya chini ya swingi ilikuja mapema, au mikono ilijikunja ikaivuta fimbo juu. Anayejilazimisha kuganda kichwa huzuia mwili wake usigeuke, na hali huwa mbaya zaidi.

Kwenye grini, yaani nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, nitakuwa mfupi. Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Uso wa fimbo ukikosea kwa digrii 1 tu, baada ya mita 3 mpira umetoka kwenye mstari kwa zaidi kidogo ya sentimita 5, yaani karibu nusu ya shimo. Hata kwenye PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, wachezaji hufaulu karibu nusu tu ya mipira yao ya mita 2.4. Kwa hiyo usijiumize kwa kukosa mita 4. Umiza kichwa kuhusu umbali. Weka tii tatu, mita 6, 9 na 12, na sukuma mpira kwenda kila moja kwa zamu ukilenga uishie ndani ya hatua moja. Unapojaribu mkono kabla ya kupiga, tazama lengo na si mpira. Mikono hujipimia nguvu vizuri zaidi.

Zamani nami niliwahimiza wanafunzi watumie muda mwingi kwenye grini. Hesabu za Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia zilinifanya nibadilike. Alichambua idadi kubwa ya mapigo akaonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na dhaifu hutoka kwenye mapigo marefu. Siku hizi aironi na draiva ndizo hupewa sehemu kubwa ya saa tunayofanya mazoezi.

Saa hiyo nayo igawe. Nusu ya kwanza rudia kitu kimoja, mstari wa chaki au mshiko. Nusu ya pili usipige fimbo ileile mara mbili mfululizo: draiva, kisha aironi, kisha weji (fimbo ya mapigo mafupi), kila mpira na lengo lake, rudi nyuma, panga upya, piga. Utakosea zaidi kuliko yule jirani anayepiga mipira hamsini kwa fimbo moja, lakini uwanjani ndivyo gofu inavyochezwa.

Beba daftari dogo. Kwa kila mpira wa nusu hiyo ya pili andika mambo matatu: ulianza wapi, ulipinda wapi, nyasi zilikatwa wapi. Ukinitumia video, nitumie na kurasa hizo. Nitaanza kusoma hizo kwanza.