Je, wajua? Picha nyingi za "AK-47" si za AK-47

Tafuta "AK-47" kwenye hifadhi yoyote kubwa ya picha mtandaoni. Zitakuja chungu nzima, na bunduki nyingi zilizomo si AK-47. Wanaozipa jina hilo si wazembe. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiona magazini (kasha la risasi) iliyopinda kama ndizi na kitako cha mbao, nabandika lebo, naenda zangu kwenye picha nyingine. Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: nilipoujua ukweli, nikadhani dawa ni kufuta kila jina bovu na kuandika lililo sahihi.

Jeshi la Kisovieti liliipokea bunduki ya Mikhail Kalashnikov mwaka 1949, na kwenye makaratasi yake iliitwa AK tu. 47 ni mwaka wa muundo uliopelekwa kwenye majaribio. Kwa miaka mingi mwili wake ulichongwa kutoka kwenye pande zima la chuma, kazi ndefu na ya gharama. Mwaka 1959 ikaja AKM, yenye mwili wa bati la chuma lililokunjwa, nyepesi kwa takribani kilo moja na rahisi kutengeneza. Hiyo ndiyo iliyosambaa, pamoja na ndugu zake wa Kichina, Kiromania na wengineo. Jina la zamani lilikuwa limeshakaa midomoni, likabaki. Ni kama Omo: mtoto akitumwa dukani Omo akarudi na Foma, hakuna anayemgombeza.

Ila anayepekua hifadhi ya picha ana sababu ya kugomba. Picha iliyopigwa Budapest mwaka 1956 haiwezi kuwa na AKM, kwa kuwa ilikuwa haijazaliwa. Ukijua bunduki, umepata fununu ya mwaka.

Kuitambua kunataka jicho tu. Kuza picha, tazama ubavu wa bunduki pale juu ya magazini. Ukiona mfuo mrefu wa mstatili uliochimbwa kwenye chuma, hiyo ni AK ya kuchongwa. Ukiona kibonyeo kidogo tu, kama alama ya kidole kwenye unga, ni AKM au nduguye. AKM nyingi pia zina mdomo wa mtutu uliokatwa mshazari kama kalamu ya mwanzi, lakini usiutegemee sana, maana kipande hicho hufunguka na kuvaliwa na bunduki nyingine. Type 56, ndugu wa Kichina, hujitambulisha mbele: shabaha yake, yaani kinundu cha kulengea juu ya mtutu, imezungukwa na duara lililofunga, wakati ya Kisovieti ina masikio mawili yaliyoachana juu. Na kuna mtego: AK za mwanzo kabisa nazo zilikuwa na mwili wa bati. Kiwanda kikashindwa kuzitoa nzuri kwa wingi, kikarudi kwenye kuchonga hadi ufundi ulipokomaa. Kwa hiyo "bati ni AKM" ni kanuni inayosema kweli karibu siku zote, si siku zote.

Sasa, kwa nini jina bovu lisifutwe? Kwa sababu ndilo wanaloandika watu wanapotafuta. Hifadhi zilizopangwa vizuri huligeuza kuwa kibao cha njia. Ukiandika "G-3", "G3" au "HK G3", yote majina ya bunduki moja ya Kijerumani, mfumo unakupeleka kwenye lebo moja iliyokubaliwa. Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, hufanya hivyo kwa majina ya makundi yake: jina la zamani linabaki, kazi yake ikiwa ni kuelekeza kwenye jipya.

Kibao kinafaa pale tu jina linapoelekea upande mmoja. Kwenye taarifa za polisi Tanzania, bunduki za jamii ya AK huitwa SMG, herufi ambazo kwingineko ni za rashasha ndogo zenye risasi za bastola, kama Uzi. Ukizielekeza zote kwenye AK, umeziingiza Uzi mle mle. Cha kuchekesha, Wachina nao jina rasmi la Type 56 yao ni la rashasha ndogo. Tanzania ilianza kupokea silaha za Kichina miaka ya 1960, kwa hiyo huenda jina lilikuja ndani ya makasha. Hayo ni makisio yangu, si ushahidi. Na hao Wachina walilitoa jina "Type 56" kwa silaha tatu tofauti: hiyo, nakala ya karabina (bunduki fupi) ya SKS, na nakala ya bombomu la RPD. Wamarekani wana M1 ambayo ni bunduki, ni kofia ya chuma, na ni kifaru. Hapo lebo lazima ibebe ufafanuzi ndani yake: "Type 56 (karabina)".

Chombo cha pili ndicho kilichonifumbua macho, nacho ni lebo inayovuta lebo. Fikiria anwani. Anayekaa Kariakoo anakaa Ilala, na anayekaa Ilala anakaa Dar es Salaam, huhitaji kumuuliza. Lakini ukiambiwa fulani yuko Ilala, huwezi kuandika Kariakoo, maana kuna Upanga na Buguruni pia. Ndivyo "AKM" inavyovuta "jamii ya Kalashnikov", nayo ikavuta "bunduki". Kurudi kinyume hakuruhusiwi. Mwenye kubandika huandika kata akiiona, na kama picha ina ukungu au mkono umefunika ubavu, anaishia wilayani. Nilikuwa naona aibu kuishia wilayani. Nikawa nabuni kata.

Chukua bendera ya Msumbiji, iliyopitishwa mwaka 1983: jembe na bunduki vimepishana juu ya kitabu. Karibu kila anayeieleza husema AK-47. Singe ipo mdomoni, magazini imepinda, lakini ni mchoro tu, na ubavuni hakuna mfuo wala kibonyeo. Mimi naiandikia hivi: "jamii ya Kalashnikov", "singe", "bendera".